Mama anasahau, dada anataka tuuze shamba kwa ajili ya dawa mpya ya ubongo: tuanzie wapi?

«Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, naishi naye Muheza. Amepika vitumbua vya kuuza zaidi ya miaka thelathini. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile mara nne, mara tano, kabla chai haijapoa. Mwezi wa sita alikwenda msibani mtaa wa pili akapotea njia ya kurudi. Siku hizi sukari anaweka mara mbili au haweki kabisa, na hela anazificha halafu anasema binti wa kazi kamwibia. Kinachonishangaza, mambo ya zamani anayakumbuka kuliko mimi. Anaweza kukutajia watu wote aliosoma nao darasa la nne. Ana presha, dawa anakunywa siku akiumwa kichwa, na anatumia junior aspirini. Usiku anameza Piriton mbili ili alale, bila hivyo anazurura ndani. Wiki tano zilizopita aliteleza bafuni, hakuumia, aligonga kichwa kidogo tu, na tangu hapo amezidi, mchana anasinzia sana. Wiki iliyopita alikutwa alfajiri amesimama mlangoni kwa jirani, na maneno yameanza mtaani. Mjomba anasema hii si ya hospitali. Dada yangu aliyeko Marekani anasema kuna dawa mpya inayosafisha ubongo, na kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa, hivyo tuuze shamba la michungwa tumpeleke. Je, ni kweli dawa hiyo inaponya? Na mimi nitaurithi ugonjwa huu?»

Marahaba, mwanangu. Dawa ya Marekani nitaifikia, na nitaizungumza kwa kirefu, kwa sababu swali hilo sasa naulizwa mara kwa mara na watoto wenye wazazi kama mama yako. Lakini kuna sentensi moja umeiandika kama ya kupita tu, nayo ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote: aliteleza bafuni, akagonga kichwa kidogo, na tangu hapo amezidi. Naanza na hiyo kwa sababu haiwezi kungoja shamba lipate mnunuzi.

Ubongo wa binadamu hupungua kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda, lakini fuvu halipungui. Kati ya ubongo na fuvu panabaki nafasi, na mishipa midogo ya damu inayovuka nafasi hiyo inakuwa imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Kijana akigonga kichwa anapata nundu, basi. Mtu wa miaka 71 akigonga kichwa, hata kidogo, mshipa mmoja unaweza kuchanika na kuvuja taratibu, tone kwa tone, kwa wiki kadhaa, mpaka damu iliyokusanyika ianze kuukandamiza ubongo. Nje hakuna jeraha wala uvimbe. Ndiyo maana watu husema «hakuumia». Aspirini, hata ile ndogo, huifanya damu isigande upesi, kwa hiyo uvujaji unapata nafasi zaidi. Dalili zake ndizo hizo ulizoandika, kusinzia mchana na kuchanganyikiwa kuliko awali; wengine huumwa kichwa, huyumba wakitembea, au mkono na mguu wa upande mmoja hulegea.

Sisemi mama ana damu kichwani. Nasema hakuna mtu anayeweza kulijua hilo kwa kumtazama, na CT scan ya kichwa, yaani picha ya ndani ya fuvu, inalijua kwa dakika chache. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina mashine hiyo. Damu ikionekana na ikiwa inakandamiza, mpasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa. Nimewahi kumpokea mzee ambaye wanawe walikuwa wamekwisha kukata tamaa, hamtambui hata mkewe. Baada ya kutolewa damu hiyo alianza kumtuma mkewe tumbaku. Si wote wanaorudi hivyo. Ila huyu angezikwa akiitwa mgonjwa wa uzee.

Kwa hiyo mpeleke wiki hii. Akianza kutapika, akipata degedege, akilegea upande mmoja au akawa haamki vizuri, usingoje asubuhi, mpeleke usiku huo huo. Kuhusu junior aspirini: kama hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo, mimi ningeisimamisha mpaka picha itoke. Kama aliwahi, usiamue peke yako, mwulize daktari siku hiyo hiyo.

La pili ni Piriton, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu sikulaumu. Kidonge hicho kiko kila duka la dawa, tunakinunua kwa mafua na muwasho, na kweli kinaleta usingizi. Tatizo ni namna kinavyouleta. Ndani ya ubongo, seli za neva zinazungumza kwa kemikali, na mojawapo inaitwa asetilikolini. Hiyo ndiyo kemikali ya kukaza akili kwenye jambo na kuliweka kumbukumbu. Piriton huiziba. Kijana mwenye akiba kubwa ya kemikali hiyo hasikii chochote zaidi ya usingizi. Mzee ambaye akiba yake imepungua, vidonge viwili kila usiku vinaweza kumchanganya mpaka saa nne asubuhi, na vikamfanya ayumbe bafuni. Sasa fikiria hili: mojawapo ya dawa za zamani za ugonjwa wa kusahau, donepezil, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1996, kazi yake ni kuiongeza asetilikolini hiyo hiyo. Nimewaona wagonjwa wanaopewa zote mbili kwa siku moja, asubuhi wanaongezewa, usiku wanazibiwa.

Kazi ya tatu ya daktari utakayemwona ni kutafuta magonjwa mengine yanayojifanya usahaulifu wa uzee, nayo yanatibika. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, akili hupoa. Upungufu wa vitamini B12 huharibu kumbukumbu, hasa kwa mwenye kisukari aliyetumia metformin miaka mingi. Kaswende ya zamani na VVU hufika kwenye ubongo, na usione haya kuomba vipimo hivyo kwa mama wa miaka 71. Maambukizi ya mkojo kwa mzee hayaji na homa kila mara. Mara nyingine huja na kuchanganyikiwa tu. Na sonona: mwulize kama ana huzuni, kama analala na kuamka na mawazo, hasa kama amefiwa.

Sasa tuseme picha imetoka safi na vipimo vya damu havina shida. Bado umesema kusahau kulianza mwaka jana, kabla ya bafuni. Hilo nalichukua kwa uzito. Kusahau jina la mtu kisha likakujia ukiwa unafua, huo ni uzee. Kupotea mtaa wa pili, mahali alipopita maisha yake yote, huo si uzee, ni ugonjwa. Tunauita dimensia, yaani akili kupungua kiasi cha mtu kushindwa shughuli alizozizoea, na Alzheimer ndiyo aina yake inayojulikana zaidi. Wapo wanaoamini ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: baada ya kurekebisha kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa nayo. Ni kama mzee mmoja kati ya kumi na sita. Wazee wetu wanaugua; tulikuwa tu hatuwahesabu.

Na kuwapima kunawezekana hata kama mtu hajashika kalamu. Utafiti ule ulizaa kipimo kinachotumia njiti za kiberiti. Nafungua kiberiti, napanga njiti nne mezani kwa umbo fulani, vichwa vikielekea upande fulani, kisha namwomba mzee apange za kwake vile vile. Kazi ya nusu dakika. Nakumbuka fundi mmoja aliyejenga nyumba za nusu ya kijiji chao. Aliigeuza njiti moja mara sita, akaiweka, akaiondoa, kisha akaacha kuzitazama njiti akamtazama binti yake. Alijua. Nakuambia hili ili ukimwona daktari anatoa kiberiti usidhani anacheza, na ili umkalie mama karibu wakati huo.

Umeshangaa kwa nini darasa la nne analikumbuka na chai ya asubuhi haikumbuki. Watu wengi huona hiyo ni dalili njema, «akili yake bado nzuri», na kumbe ndiyo alama ya mahali ugonjwa ulipoanzia. Ndani ya kila upande wa ubongo, usawa wa sikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja, ndefu kama kidole, inaitwa hipokampasi. Hiyo ndiyo karani anayeandikisha mambo mapya. Yaliyokwisha kuandikwa siku nyingi hayalali kwa karani tena, yametawanyika sehemu nyingine za ubongo. Tulijifunza hili kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 kijana Mmarekani, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa kifafa, wakatoa sehemu hiyo pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Daktari akitoka chumbani na kurudi, anajitambulisha upya. Utoto wake aliukumbuka. Mtafiti Brenda Milner akagundua jambo jingine: alipofundishwa kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mikono ina kumbukumbu yake, haipiti kwa karani huyu. Likumbuke hilo, nitalirudia tukifika kwenye vitumbua.

Kwa nini karani huyo anaharibika? Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alipima chini ya hadubini ubongo wa mwanamke wa Frankfurt aliyeanza kusahau akiwa na miaka hamsini na kidogo. Aliona vitu viwili: madoa nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Madoa ni vipande vya protini inayoitwa amiloidi, vinavyonatana badala ya kuondolewa. Nyuzi ni protini nyingine, tau. Wewe wa Muheza reli unaijua. Ndani ya seli ya neva kuna reli za kusafirishia mizigo kutoka ncha moja hadi nyingine, na tau ni kama mataruma yanayozishika. Ikiharibika, mataruma yanachomoka na kulundikana, reli zinalegea, mzigo haufiki, seli inakufa. Amiloidi huanza kujikusanya miaka kumi na tano au ishirini kabla mtu hajasahau lolote. Lakini usahaulifu wenyewe unaifuata zaidi tau kuliko amiloidi. Hilo ni muhimu kwa swali la dada yako.

Dada hajadanganya. Zipo dawa mbili, lecanemab iliyopewa kibali kamili Marekani Julai 2023 na donanemab iliyofuata Julai 2024. Ni kingamwili zilizotengenezwa maabara; zinaingizwa kwa dripu, zinashika amiloidi, na walinzi wa mwili wanaiondoa. Madoa yanafutika kweli, unaona kwenye picha. Kwa sisi tuliosomea kazi hii wakati hakukuwa na kitu chochote cha kugusa chanzo cha ugonjwa, hilo ni jambo kubwa, na sitaki ulichukulie kama porojo za makampuni.

Lakini kufuta madoa si kurudisha kumbukumbu. Utafiti mkuu wa lecanemab ulikuwa na watu 1,795, wote katika hatua za mwanzo, kwa miezi 18. Walipimwa kwa kipimo cha alama 0 hadi 18, ambapo alama zikipanda hali inazidi kuwa mbaya. Waliopewa dripu isiyo na dawa walipanda kwa alama 1.66. Waliopewa dawa walipanda kwa 1.21. Tofauti ni 0.45. Ile asilimia 27 uliyoisikia, au utakayoisikia, inatoka hapo: ni kasi ya kushuka iliyopungua. Kwa wastani hakuna kundi lililopata nafuu. Makundi yote mawili hali ilizidi kuwa mbaya, moja polepole zaidi. Ukiniuliza kama familia ingeiona tofauti hiyo nyumbani, nadhani wengi wasingeiona katika miezi hiyo 18. Pengine ingeonekana kwa miaka mingi zaidi, na wataalamu wenzangu wanabishana sana kuhusu hilo.

Na dawa yenyewe ina bei yake, ya fedha na ya mwili. Lecanemab ilitoka kwa dola 26,500 kwa mwaka, bila kuhesabu MRI, yaani picha za ubongo za mashine ya sumaku, za kurudia rudia na dripu kila wiki mbili. Karibu mtu 1 kati ya 8 alionekana kuvimba sehemu ya ubongo kwenye MRI, na zaidi ya 1 kati ya 6 alionekana na madoa ya damu. Wengi hawakuhisi chochote, wachache waliumia, na vifo vimeripotiwa. Uingereza iliruhusu dawa hiyo mwaka 2024, lakini chombo kinachoishauri huduma ya afya ya taifa kikaandika katika rasimu zake kwamba faida ni ndogo mno kwa gharama hiyo. Watu weusi katika utafiti ule walikuwa wachache sana. Na mama yako, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyegonga kichwa juzi, anayepotea mtaani kwake: hata angezaliwa huko, nadhani madaktari wengi wangesita kumpa. Akikutwa na damu kichwani, mlango huo umefungwa kwa sasa.

Mimi nisingeuza shamba. Nalisema wazi kwa sababu najua mazungumzo ya ndugu yalivyo: anayesema tusiuze anaonekana hampendi mama. Mwonyeshe dada yako aya hizo mbili za juu. Mama atahitaji kutunzwa kwa miaka, na machungwa ya kila msimu yatalipa dawa za presha na mtu wa kukusaidia, ili na wewe upumzike.

Kipimo cha damu nacho ni kweli, na binafsi kinanipa matumaini kuliko dripu. Kinapima aina ya tau iitwayo p-tau217, ambayo huongezeka kwenye damu amiloidi inapojaa ubongoni. Mei 2025 mamlaka ya Marekani iliruhusu cha kwanza cha namna hiyo, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili tayari. Zamani tulilazimika kutoa maji ya uti wa mgongo au kutumia mashine ya PET inayoipiga picha amiloidi ubongoni, ambayo wengi wetu huku hatuigusi. Siku kipimo hiki kitakapokuwa rahisi, mama wa Muheza ataweza kupimwa bila kupanda ndege. Ila ukisome vizuri: kinaonyesha kama amiloidi ipo, hakionyeshi kama ndiyo inayomsahaulisha. Wazee wengi wenye akili timamu kabisa wana amiloidi. Mwenye figo mbovu anaweza kuonekana yuko juu bila sababu. Na kwa mama yako leo, jibu lolote lisingebadilisha hatua hata moja kati ya nitakazokuambia.

Kwa maana kuna ugonjwa mwingine ambao dripu hizo haziugusi, nao nauhofia kwa mama yako kuliko amiloidi: presha. Dawa ya presha si ya maumivu ya kichwa. Presha ya juu haiumi. Inatafuna mishipa midogo ndani kabisa ya ubongo, kidogo kidogo, na kila mshipa unaoziba unakata njia moja. Katika nyumba nyingi ugonjwa huu na Alzheimer vinakaa pamoja kwa mtu mmoja. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani ulioitwa SPRINT MIND ulionyesha kwamba watu walioshushwa presha, ile namba ya juu, kulenga chini ya 120 walipungukiwa na hatari ya kuanza kupoteza kumbukumbu kidogo kwa asilimia 19, kulinganisha na waliolenga chini ya 140. Ni dawa za kawaida, za bei ya kawaida. Kwa mama, lengo lake apange daktari, maana kuishusha ghafla kwa mzee kunamwangusha tena bafuni. Lakini kidonge ni cha kila siku, kichwa kiume kisiume, na anayempa awe ni wewe.

Mpime na masikio. Usahaulifu mwingine ni kutosikia. Mtu hawezi kukumbuka alichosikia nusu. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, kuanzia presha na kisukari hadi masikio na macho yasiyotibiwa, likakadiria kwamba yakishughulikiwa tangu utotoni karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Hiyo ni hesabu ya watu wote, si ahadi kwa mama yako. Kwako wewe, ndiyo jibu la kwanza la swali lako la mwisho, kama utaurithi. Jibu la pili: ule ugonjwa unaorithiwa moja kwa moja, baba au mama hadi mtoto, ni nadra sana, haufiki hata asilimia moja ya wagonjwa, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Wa mama si huo. Kuna jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo APOE4 inayoongeza hatari, lakini wengi walio nayo hawaugui, na kwa watu wa asili ya Afrika, kama ilivyoonekana kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uzito wake ni mdogo kuliko kwa Wazungu. Usiende kuipima. Pima presha yako.

Sasa jirani na mjomba. Jambo hili sitalipitia haraka. Mama mzee aliyesimama mlangoni kwa watu alfajiri, katika nchi yetu, anaweza kuuawa. Wanawake wazee wamekufa kwa kuitwa wachawi, na ninaamini baadhi yao walikuwa wagonjwa waliopotea njia ya chooni. Kwake yeye pale mlangoni huenda palikuwa nyumbani kwao alikozaliwa. Karani ameacha kuandika, na yaliyobaki ni ya zamani. Nenda leo kwa mjumbe na kwa yule jirani, ukiwa na mtu mzima wa familia, useme: mama anaumwa ubongo, tunampeleka hospitali, mkimwona nje tuiteni. Acheni namba ya simu. Mlango wa usiku uwe na komeo la juu, nje ya mazoea ya mkono wake, lakini awepo mtu anayelala karibu, usimfungie peke yake. Mjomba akitaka kumwombea, amwombee. Asimnyweshe kitu, na CT scan isicheleweshwe hata siku moja kwa sababu hiyo.

Na binti wa kazi. Mama hasemi uongo. Aliziweka hela chini ya godoro, hakuandikisha, hazioni. Ubongo hauvumilii pengo, unalijaza na maelezo yaliyo karibu, na aliye karibu ni binti. Ukimwambia «mama, umezificha mwenyewe», kwake wewe nawe umekuwa mshirika wa mwizi. Sema «twende tukatafute», tafuteni pamoja, na umwachie noti ndogo mbili za kufunga kwenye pindo la khanga. Mtetee binti huyo kwa ndugu. Mkimpoteza mtafungua ukurasa mwingine wa matatizo.

Vitumbua asiache. Wilayani Hai pia walijaribu tiba isiyo na kidonge: vikundi vidogo vya wazee wenye dimensia, vikao 14 kwa wiki saba, wakizungumza, wakiimba, wakifanya kazi za mikono na kujadili mambo ya kwao. Walikuwa 34 tu, lakini vipimo vyao vya akili vilipanda. Nyumbani kwako kikao kipo tayari, kila alfajiri, jikoni. Kupima unga na sukari kunahitaji karani, kwa hiyo hilo lichukue wewe. Kumimina uji wa mchele kwenye kikaango, kuchoma ukingo kwa njiti na kukigeuza kitumbua, hiyo ni kumbukumbu ya mikono, ile ya Molaison na nyota yake. Mpe kazi hiyo, uwe pembeni kwa sababu ya moto, na umwulize habari za darasa la nne wakati anageuza.

Siku ya hospitali, tia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za duka, na za majani kama zipo. Andika tarehe ya kuanguka kwenye karatasi. Ingia naye chumbani, kwa sababu akiulizwa atasema hajambo, tena kwa heshima na kwa ufasaha, na daktari mwenye foleni ndefu anaweza kumwamini. Sema maneno haya haya: alianguka wiki tano zilizopita, aligonga kichwa, anatumia aspirini, na tangu hapo amebadilika. Piriton ya usiku muiache; siku za mwanzo atalala vibaya, basi atembezwe juani jioni, asilale sana mchana, na chai ya rangi ikome alasiri. Kama kuna kidonge kingine cha usingizi ambacho hukunitajia, kama Valium, hicho usikikate ghafla, kitaje kwa daktari kipunguzwe taratibu. Picha ikishasomwa, niandikie maneno yaliyoandikwa kwenye ripoti kama yalivyo, hapo tutazungumza kama donepezil itamfaa.